Kuku wa Theodosia Watafutiwa Nyumba

Theodosia hakuwa na ng'ombe, wala shamba la kuitwa lake. Mbuzi walikuwa wa mumewe. Mizinga ya nyuki iliyotundikwa porini ilikuwa ya mumewe, na migomba iliyozunguka nyumba ilikuwa ya mumewe pia, ingawa jembe lililoipalilia lilikuwa siku zote mkononi mwake. Lakini kuku walikuwa wake. Siku alipoolewa, mama yake alimpa tetea mmoja mwekundu, akamwambia, "Huyu ni wako, si wa nyumba. Na wanawe ni wako. Mwanamke asiye na kuku huomba mpaka chumvi."

Miaka ilipita, yule tetea akazeeka na kufa, lakini wekundu wake haukufa. Ulirithishwa kutoka kuku hadi kuku kama pua ya ukoo. Mgeni alipokula kuku katika nyumba ile, alikula kwa idhini ya Theodosia. Mtoto alipougua, kuku wa Theodosia ndiye aliyekwenda soko la Kasulu na kurudi akiwa dawa. Na Venanti, mtoto wao wa kwanza, alipoondoka kwenda kukata mkonge Tanga kama baba yake alivyokwenda ujanani, blanketi alilojifunika safarini lilitokana na majogoo wawili wa mama yake.

Zilipofika siku za operesheni ya vijiji, watu wa vilima vya upande wa Kitanga walipakiwa kwenye lori pamoja na milango yao, vinu vyao na mikeka yao, wakaletwa kwenye kijiji kipya karibu na barabara. Nestori, mumewe, alipanda na shoka, tezo na mzinga mmoja mtupu. Kezia, mama mkwe, alipanda na kigoda chake. Theodosia alipanda na tenga la kuku, akalipakata njia nzima, mkono mmoja juu ya kifuniko ili jogoo asitoe kichwa kikapigwa na matawi.

Ndani ya lori lile alikuwamo pia Nsabimana, Mrundi aliyevuka mpaka mwaka ule wa mauaji akapokelewa vilimani na ndugu wa mkewe. Alimtazama Theodosia na tenga lake, akacheka.

"Mama Venanti, mimi nilihama usiku, bila viatu. Wewe unahama mchana, na jogoo anakuimbia. Usiniambie kwamba unateseka."

"Nipokee basi tenga, uone kama siteseki," Theodosia alijibu, na watu wakacheka, na safari ikapungua urefu.

Mungu akapenda Nsabimana apewe kiwanja jirani na chao.

Katika kijiji kipya nyumba zilipangwa mistari kama mahindi ya bwana shamba. Zilikuwa nyumba nzuri, za matofali mabichi, lakini ndogo. Kule vilimani nyumba ya Nestori ilikuwa pana, na kuku walilala upande wa mlangoni, mbali na watu. Kwamba kuku hulala ndani, hilo halikuwa na mjadala. Nani angemlaza kuku nje, penye kicheche, paka mwitu na siafu? Ni sawa na kumpa mwizi ufunguo. Basi hapa pia kuku waliingia ndani, wakalala juu ya mti uliopitishwa kutoka ukuta hadi ukuta, na chini ya mti ule, karibu na mafiga, alilala Kezia.

Mwaka wa kwanza haukuwa na neno. Mwaka wa pili Kezia alianza kukohoa. Kilikuwa kikohozi kikavu, cha alfajiri, kinachomwinua mtu akakaa. Theodosia alimpa asali, alimpa majani ya mpera, mwishowe alimshika mkono wakaenda zahanati. Mganga alimsikiliza bibi mgongoni na kifuani, kisha akauliza maswali ambayo hayakuhusu mgongo wala kifua. Analala wapi? Nani wengine wanalala humo?

"Kuku," alisema Theodosia.

"Juu yake?"

"Juu yake kidogo."

Mganga hakucheka. Alieleza taratibu kwamba bibi anavuta vumbi la manyoya na mavi ya kuku usiku kucha, pamoja na moshi. Kuku watoke kabla mvua hazijaanza, maana mvua zikianza mlango utafungwa mapema, na vumbi litabaki ndani na bibi.

Njiani Kezia alinung'unika. "Hao kuku wamenibembeleza tangu nilipokuwa mtoto. Leo ndiyo wameamua kuniua?"

"Hawajaamua, mama. Ni vumbi lao tu."

"Basi afukuze vumbi, yeye si mganga?"

Habari zilifika Kitanga kabla jua halijachwa mara mbili, na Esteri, dada yake Nestori aliyeolewa huko, akatuma salamu kwa watu waliokwenda sokoni. Yeye ana banda kubwa la mbuzi, alisema. Mvua ya kwanza ikinyesha atakuja kuwachukua kuku wote akae nao, mama apate kupumua.

Salamu zile zilikuwa za upendo, na Theodosia alizipokea hivyo. Lakini alipobaki peke yake akimenya muhogo, moyo wake ulikuwa mzito. Kuku akilala kwa wifi msimu mzima, mayai yake hupata mwenyewe mwingine. Hakuna atakayeiba, itatokea tu. Vifaranga vitaanguliwa kule, vitakula mtama wa kule, na nani atakwenda kusema hiki ni changu na kile ni chako? Na akikataa kuwatoa, watu watasema amependa kuku kuliko mama wa mumewe. Nao watakuwa wamesema kweli, kama hatapata nyumba ya kuku kabla ya mvua.

Siku ya soko alishuka Kasulu. Nyuma ya duka moja la vitambaa palikuwa na karakana ya Gharibu, fundi seremala, mtu aliyezaliwa Ujiji, ambaye Kiswahili chake kilitoka mdomoni kimepigwa randa. Theodosia alikuwa amesikia kwamba anatengeneza vibanda vya kuku kwa ajili ya watumishi wa serikali. Alipiga makofi taratibu kwa salamu za kwao, na Gharibu, aliyezoea watu wa vilimani, naye akaweka patasi chini akapiga makofi kumjibu.

Kibanda kilikuwepo kimoja, kimemalizika. Kilikuwa cha mbao za mninga zilizong'aa, wavu wa waya pande zote nne, paa la madebe yaliyokunjuliwa, na mlango wenye bawaba na kitasa. Theodosia alikizunguka. Akakizunguka tena.

"Kitasa cha nini?" aliuliza.

"Cha mwizi, mama."

"Na kuku wakitaka kutoka kumepambazuka?"

"Watabisha hodi." Gharibu alicheka mwenyewe. "Mama yangu, kibanda hiki kama ningekuwa nacho nilipokuwa kijana, ningeoa mapema. Ningemwambia binti, nyumba ipo, tuanze kwa kujikunja."

Theodosia naye alicheka, akaingiza kichwa ndani, akanusa. Kilinukia mbao mpya. Alikipenda. Alikipenda kama mtu anavyopenda kitambaa kizuri kabla hajakipima mwilini. Gharibu alisema kwamba kama hana fedha taslimu, mbuzi jike mmoja mwenye afya angetosha, na hata kukisafirisha angemsaidia kutafuta gari linalopandisha barabara ile.

Mbuzi hakuwa wake. Jioni hiyo alimweleza Nestori, wakiwa wamekaa mbele ya ugali wa muhogo na maharage.

Nestori alikuwa mtu mpole, mwembamba, mwenye makovu madogo mikononi. Mkonge wa Tanga ulimpa makovu mengine na Kiswahili. Alichoondoka nacho nyumbani na kurudi nacho kilikuwa ujuzi wa nyuki. Aliweza kusimama chini ya mti, akafumba macho, akakwambia kama mzinga ulio juu una watu au umehamwa. Akatafuna tonge lake mpaka likaisha.

"Mbuzi mzima," alisema, "kwa nyumba ya kuku."

"Mbuzi jike."

"Tena jike. Mama Venanti, mimi mikono yangu miaka yote imejenga mizinga. Nyuki, wenye hasira vile, wanaingia wenyewe bila kulazimishwa. Kuku ndio nishindwe? Watu wakiona nimenunua nyumba ya kuku Kasulu watasema Nestori amekatwa mikono."

"Hawatasema. Mvua iko karibu, ndiyo ninayoogopa."

"Nipe wiki hii tu."

Theodosia alimtazama mama mkwe, na mama mkwe akautazama moto. Basi akampa.

Nestori hakufanya uvivu. Nyuma ya nyumba alikuwa na mizinga mikuukuu iliyopasuka, magogo yaliyochongwa yakawa matupu ndani kisha yakapasuliwa nusu mbili. Aliitenganisha, akazisimamisha nusu zile ubavu kwa ubavu, zikawa kuta. Akaziinua juu ya nguzo nne nene, na nguzo akazizungushia majivu kwa ajili ya siafu. Kila ufa aliuziba. Aliyeyusha nta kwenye kigae, akaipaka kwa kidole gumba, taratibu, huku akiimba kwa sauti ya chini wimbo wa kutundika mizinga, maana mikono yake haikujua kuziba ufa bila wimbo ule. Mlango aliutoboa mviringo, wa kiasi cha bakuli, akauelekeza mashariki. Paa alilifunga kwa magome na nyasi hata upepo usipate pa kuingilia.

Ilikuwa kazi safi. Nsabimana alikuja kusimama penye ua, akaitazama, akasema, "Jirani, umeshona."

Kuku tu ndio hawakusifu. Jioni Theodosia aliwapeleka, akawatia mmoja mmoja kwa ule mlango. Waliingia kwa mabawa na kelele, wakatoka kwa mlango uleule. Jogoo alichungulia ndani kwenye giza, akarudisha shingo, akaenda kusimama mbele ya mlango wa nyumba ya watu kama mpangaji aliyelipa.

"Watazoea," alisema Nestori.

"Mlango mdogo."

"Mlango mkubwa unaingiza baridi. Watazoea."

Siku tatu walijaribu, na siku tatu kuku wakalala ndani. Siku iliyofuata, adhuhuri, Theodosia alikuwa amekaa kivulini akichambua maharage, akasikia mvumo. Alidhani ni lori barabarani. Mvumo ulikuja ukapita juu ya migomba, na kivuli kama cha moshi kikashuka nyuma ya nyumba. Alipochungulia, ukuta wa banda lake ulikuwa umegeuka mweusi na unatembea. Nyuki walikuwa wakiingia kwenye ule mlango mviringo bila kusukumana, kama waumini wanaoingia misa.

Alimwita Nestori kutoka shambani. Nestori alikuja mbio, akasimama, akatazama. Na kabla ya kitu kingine chochote usoni mwake pakatokea furaha, furaha tupu ya fundi ambaye kazi yake imekubaliwa.

"Na wala sikuwawekea chambo," alinong'ona.

"Baba Venanti," alisema Theodosia. "Umejenga mzinga."

Nestori akautazama mlango mviringo, akaitazama nta, akatazama mashariki. Furaha ikamtoka usoni polepole, kama maji yanavyotoka kwenye kapu.

"Ni kweli," alisema. "Nimejenga mzinga."

Nsabimana, aliyekuwa amekuja kusikia mvumo, ilimbidi akae chini kwa kucheka. "Mama Venanti, una bahati. Kesho utakula mayai yenye asali. Ngoja tu kuku wako watundikwe mitini, mambo yatakuwa sawa."

Theodosia alitaka kukasirika. Alikuwa na haki ya kukasirika, na wingu lilikuwa limeshaanza kukusanyika juu ya vilima vya upande wa Burundi. Lakini alipomwona mumewe amesimama mikono imening'inia, akitazama mzinga mkubwa kuliko yote aliyowahi kuijenga maishani, kicheko kilimshinda. Walicheka wote watatu mpaka Kezia akatoka na kigoda chake kuuliza nani amekufa.

Alipoelezwa, Kezia hakucheka. "Hao hawafukuzwi," alisema. "Nyuki akija nyumbani kwa miguu yake, ukamfukuza, porini hutamwona tena."

Nestori asingewafukuza hata bila kuambiwa. Jua lilipozama na nyuki wakatulia, yeye na Nsabimana waliziba ule mlango kwa majani, wakalifunika banda zima kwa mikeka, wakalibeba na nguzo zake hadi mwisho wa migomba, mbali na mbuzi na watu. Walirudi wamevimba kidogo, Nsabimana jicho moja.

Kesho yake asubuhi Nestori alifanya jambo ambalo Theodosia hakulitarajia. Alimfungua mbuzi jike, akamfunga kamba shingoni, akamleta mlangoni.

"Mpeleke kwa Gharibu," alisema. "Wiki yangu imekwisha."

Theodosia aliishika kamba. Angeweza kwenda, na hadi jioni kile kibanda cha mninga kingekuwa kimesimama hapo, na Esteri angekuja akute neno limekwisha. Lakini hakuondoka. Tangu siku ya kwanza kuku walipokataa kuingia alikuwa akiwatazama kila magharibi jinsi wanavyolala ndani. Aliona wanavyotaka kupanda juu, si kujificha chini. Aliona wanavyogombea sehemu ya katikati na kubanana, kisha kila mmoja akainua kichwa kuangalia mlango kabla ya kufumba macho. Na alikikumbuka kibanda cha Gharibu, wavu pande zote nne. Kasulu mjini palikuwa na ukuta wa duka wa kukikinga. Hapa mvua haianguki. Inakuja imelala, inasukumwa na upepo wa vilima, na ingepita kwenye waya ule kama mtu anayepita uwanjani.

"Mrudishe mbuzi," alisema.

"Mama Venanti, usinionee huruma."

"Sikuonei huruma. Nyumba ya Gharibu ni nzuri kuitazama. Yako ni nzuri kwa nyuki. Mimi nataka ya kuku."

"Nani ataijenga?"

"Wewe. Mimi nitasimama hapa nikuangalie."

Ndivyo ilivyokuwa. Nestori alichimba udongo, Theodosia akateka maji na kuukanyaga, na kuta za fito na udongo zikapanda hadi kifuani. Kutoka pale kwenda juu Theodosia alitaka mianzi iliyopasuliwa, iachane kwa upana wa kidole.

"Upepo utaingia," alisema Nestori.

"Uingie. Wanahema."

"Na mvua?"

"Paa lishuke mpaka hapa." Alionyesha kwa mkono. "Lishuke kama kofia ya mzee."

Mlango aliupima kwa mwili wake mwenyewe, akainama, akasema Nestori akate hapo, maana atakayeingia kuokota mayai ni yeye. Nestori alikata, akitikisa kichwa kwa ukubwa wake. Mara mbili Theodosia alimkuta ameweka nta motoni.

"Nta ya nini, baba Venanti?"

"Kuna kiufa pale."

"Kiache."

Nestori akaitoa nta motoni, akaenda zake pembeni kutafuta kitu kingine cha kushika.

Majivu yalimwagwa kuzunguka msingi. Ndani walipitisha miti ya kulalia mitatu. Wa juu kabisa Theodosia hakuukata mpya. Aliingia nyumbani, akaung'oa ule mti waliolalia kuku tangu kijiji kianze, mchafu vilevile, akauweka bandani.

Jioni Kezia aliketi kwenye kigoda karibu na mlango wa banda, akaanza kuzungumza nao kwa Kiha, mambo yake ya kawaida: nani alizaa, nani hakuja kumsalimu, muhogo wa mwaka huu una nyuzi. Jogoo alisikiliza. Akaingia, akapanda mti wake, akatazama mlangoni. Tetea wekundu wakamfuata, na ugomvi wa nafasi ya katikati ukaanza palepale, na Theodosia aliposikia ugomvi ule akavuta pumzi ndefu.

Mvua ya kwanza ilikuja siku chache baadaye, ikanyesha kuanzia alfajiri, imelala kama ilivyo desturi yake. Theodosia aliisikia, akataka kuinuka, kisha akajizuia mpaka kukapambazuka vizuri. Alipoufungua mlango wa banda kuku walitoka wakijinyoosha, miguu mikavu, wakakanyaga tope kwa kinyaa.

Adhuhuri ilikuwa imekaribia Esteri alipofika, ameloa, tenga tupu kichwani badala ya mwavuli. Salamu zilichukua muda wake, makofi na habari za kila mtu wa Kitanga. Kisha akaulizia kuku.

"Njoo uwaone," alisema Theodosia.

Esteri alikagua kama mkaguzi. Aliingiza mkono kwenye majani ya chini akayakuta makavu. Akasukuma ukuta. Akatazama lile paa linaloshuka, akamtazama kaka yake.

"Hii umeijenga wewe?"

"Mikono ni yangu," alisema Nestori.

Nsabimana, aliyekuwa akipita na jembe, hakuweza kunyamaza. "Muulize na ile nyingine, dada. Iko kule kwenye migomba. Lakini usiingize mkono."

Esteri hakuelewa, na hakuna aliyekuwa tayari kumweleza mgeni kabla hajala. Akaenda kwa mama yake, akainama karibu na kifua chake, akasikiliza.

"Mama, umelala?"

"Nimelala," alisema Kezia. "Nalala sasa mpaka naota. Ila nyumba ina kimya mno. Mwambie wifi yako aniletee hata kifaranga kimoja."

"Hapana, mama," alisema Theodosia.

"Kimoja."

"Hapana. Jioni nitakutolea kigoda ukae nao."

Kezia alinung'unika kwa Kiha maneno ambayo Esteri aliyacheka na Theodosia akajifanya hakuyasikia. Esteri akalipindua tenga lake, akalikalia mlangoni, akaomba uji. Theodosia alimmiminia, akajimiminia na yeye, na mvua ilipoanza tena wakasogea ndani kidogo, wakanywa, Theodosia akimweleza wifi yake ni tetea yupi atamwachia aatamie msimu huu, na kwa nini yule wa madoadoa hafai.